Siku Nilipopiga Kelele "Ua"

Kama mnataka kucheka chekeni mmalize sasa hivi, maana hata mimi mwenyewe nikikumbuka natamani kujifunika kanga uso mzima. Tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa pale Machochwe, mimi bado bibi harusi mpya na papo hapo ndiye mwalimu wa kisomo cha watu wazima, na kati ya wanafunzi wangu alikuwemo baba mkwe, Tata Marwa (kwetu Wakurya tata ni baba), ambaye alikaa mlangoni na mbwa wake Askari. Mbwa huyo ndiye aliyewafukuza fisi zizini kwake, na mzee alimpenda bila kuficha.

Sasa mimi na mapambo yangu. Nilikuwa na ua kwenye kopo, lile la majani mapana yenye madoa meupe, nililopewa na rafiki yangu wa Mugumu. Alinionya nisiliweke karibu na mbwa, nikamcheka, nikamwuliza mbwa wa Machochwe ale majani yeye mbuzi? Siku hiyo meza ilijaa vitabu, nikalishusha kopo chini, palepale mlangoni.

Tuko katikati ya somo, Askari akaanza kutoa mapovu na kujikwaruza mdomo. Mtu akasema kichaa cha mbwa, watu wakapanda juu ya mabenchi, na Chacha, mgambo wetu, akashika rungu. Nikatazama kopo, nikaona jani limetafunwa nusu, nikaelewa, na kwa haraka ile nikalinyooshea kidole nikapiga kelele, "Ua! Ua!"

(Ndiyo, mwalimu wa Kiswahili.)

Na darasa langu, ambalo nilikuwa nimelizoesha kurudia kila neno ninalotamka, likaitikia kwa sauti moja, "Ua! Ua!" Chacha akainua rungu. Tata Marwa akamkumbatia mbwa wake, akanitazama mimi, mkwewe ambaye sijawahi hata kupandisha sauti mbele yake, akasema taratibu, "Mwanangu, Askari amekukosea nini?"

Niliona aibu. Nikajaribu kueleza kwamba nilimaanisha ua, siyo ua, nikazidi kuharibu, basi nikachuma kipande cha jani lile nikakitafuna mbele yao waone chanzo ni nini. Jamani, msijaribu. Ulimi uliwaka, ukavimba, mate yakanitiririka mpaka kwenye blauzi, na sauti ikakatika kabisa, nikabaki kuguna mbele ya baba mkwe. Lakini Chacha alinitazama mimi, akamtazama mbwa, akashusha rungu.

Tata Marwa mwenyewe ndiye aliyeleta maziwa, mimi akanipa kwenye kikombe na Askari kwenye sufuria, tukanywa tumekaa chini wote wawili. Jioni Askari alikuwa anabweka. Mimi nilikaa bubu mpaka kesho yake, na nilipoweza kusema nilikwenda kumwomba mzee radhi. Akanikatiza.

"Umekula sumu kwa ajili ya mbwa wangu," akasema. "Mimi nilidhani nimemwoza mwanangu kwa mwalimu tu. Kumbe nimepata mtoto."

Nililia, sikatai. Lile kopo nililifukia, na tangu hapo siingizi jani lolote kwenye nyumba yenye mbwa kabla ya kuuliza kama ni salama, na nikiuliza nasema mmea.