Posa ya Kirimi na Damu Isiyoganda

Kampuni yetu ya Nairobi inatafuta dawa ya watu ambao damu yao haigandi vizuri, ugonjwa wa nadra ambao mtu huzaliwa nao. Mimi ni muuguzi. Nilitumwa mji wa Laare kumuuliza Kirimi, muuza miraa mwenye ugonjwa huo, kama angekubali kushiriki katika majaribio.

Asubuhi Laare ilijaa ukungu na pikipiki zenye mabunda ya miraa. Kirimi alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sista, nitafikiria," akasema. "Lakini kwanza nisaidie. Wazazi wa Wanja wamekataa nimuoe. Wanasema damu yangu iko na laana. Twende Embu uwaambie ukweli, hata ule mbaya."

Kesho yake tukapita Embu mjini, tukateremka hadi nyanda kavu za wafuga mbuzi.

Nyumbani kwa kina Wanja, babake, Mzee Njeru, alitupokea kwa heshima bila tabasamu. Nikaeleza kwamba ugonjwa huu hurithiwa, kama mtu anavyorithi pua ya babu yake. Hauambukizi, wala si uchawi.

"Na wajukuu wangu?" akauliza.

"Wavulana wa Kirimi hawataupata kwake. Wasichana wataubeba, kwa kawaida bila kuugua wenyewe, na wanaweza kuwapa watoto wao wa kiume."

Wanja akainamisha kichwa.

"Na hiyo dawa yenu itaponya?"

"Bado hatujui, Mzee. Ndiyo maana tunaijaribu."

Kisha mamake Wanja akasimama, akajifunga leso. "Hiyo dawa ikikuja, ije," akasema. "Harusi haiwezi kuingoja."

Mzee Njeru ndiye aliyecheka kwanza. Mchana ililetwa nyama ya mbuzi. Kirimi aliponyoosha mkono kuchukua kisu, mama mkwe alimnyang'anya, akamkatia yeye mwenyewe vipande vinono. Wanja alicheka mpaka machozi.

Jioni, tukiagana Embu mjini, Kirimi aliniambia, "Sasa niulize tena."

Nikamweleza upya, pamoja na hatari zote. Akakubali.

Nilirudi Nairobi nikiwa mwepesi. Nilikuwa nimeogopa kwamba neno "hatujui" lingevunja posa ile. Kumbe ndilo lililowafanya wazee wale waamini mengine yote niliyosema.