Beseni la Msukuma Chukudu

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile ambayo mama yangu alinishukia mlimani na chakula mgongoni, kwa sababu mimi nilishindwa kupanda.

Ilikuwa Noeli. Nilikuwa na miaka arobaini na mmoja, muuza maharage hapa Goma, mwenye depo ya magunia mtaani Birere na jina linalojulikana. Mama alikuwa kijijini kwetu Lubero, kule ambako gari linaishia chini na kilima unakimaliza kwa miguu. Utotoni nilikipanda kilima kile mbio, na kuni kichwani. Siku hiyo nilifika nusu. Magoti yalikataa, moyo ukagonga kama unatafuta mlango, jasho likalowesha koti jipya nililovaa ili majirani walione. Nikakaa juu ya jiwe. Mke wangu Kavira akaendelea kupanda na watoto, akapeleka habari.

Basi nikamwona mama anashuka. Mwanamke wa miaka sitini na kitu, kikapu mgongoni, kamba yake kwenye paji la uso kama wanavyobeba mama zetu, na ndani yake kuku, viazi na bugali bado moto. Akaninawisha mikono. Akangoja nimalize kula. Na nilimaliza vyote, ndiyo aibu yenyewe.

Kisha akauliza, "Paluku, mutoto wangu, chukudu uliuzisha, imepita myaka ngapi?"

"Kumi na mbili, mama."

"Njo maana nauliza. Chukudu uliuzisha, lakini chakula yake ungali unakula. Mimi nitakuwa nashuka hapa mpaka lini? Siku moja magoti yangu nayo itakataa, na hatutaonana tena."

Nililia, mwanangu. Sikuona haya siku ile, na leo sioni haya kukuambia.

Uelewe alichosema. Ujana wangu niliupitisha nikisukuma chukudu, lile gari letu la mbao la magurudumu mawili. Nilishuka na makabichi kutoka Kibumba, nikarudi bila mzigo nikiisukuma kupanda. Mtu wa kazi ile anakula. Kavira alininunulia beseni la bati lenye maua mekundu, akawa analijaza bugali na sombe, yale majani ya muhogo, mpaka juu, na kila tonge lilikuwa na kazi yake. Nilipopata depo nikauza chukudu. Nikaanza kushinda kitini, nikapanda pikipiki hata kwa safari ya hatua mia mbili. Beseni halikubadilika. Kavira alilijaza kwa upendo, nami nikalimaliza kwa heshima. Na watu walinisifu! "Patro, bosi wetu, umependeza, kitambi kimekuja." Hapa kwetu kitambi ni cheti cha mafanikio, nami nilikitembeza mjini kwa majivuno. Mazoea yana taabu, wahenga hawakukosea.

Niliporudi Goma nilijitia ushujaa. Kwaresima ilipoanza nikaapa: chai kavu asubuhi, kipande cha kiazi jioni, basi. Kilo zilikimbia, na akili nayo ikazifuata. Nikawafokea wabeba magunia bila sababu, nikaota mandazi. Pasaka ilipofika watu walinipongeza, nami nikajipongeza kwa mbuzi mzima, kisha kwa harusi ya huyu na ubatizo wa yule. Kufika Noeli nilikuwa mzito kuliko mwanzo. Mama akashuka tena. Safari hii nilimwona akisimama mara mbili njiani, ameshika goti. Jambo hilo lilinichoma kuliko maneno yake yote.

Aliyeniokoa ni Kavira. Tulipofika nyumbani alichukua beseni langu, akaloweka maharage ndani yake. Akaniita kwa jina la binti yetu wa kwanza, kama anavyoniita akiwa amekwisha kuamua: "Papa Masika, hii sasa ni ya kulowekea. Wewe utakula ku sahani sawa batoto."

Na sufuria ikabaki jikoni. Ukitaka kuongeza, simama uifuate. Hutaamini mara ngapi uvivu wangu ulinisaidia! Sombe na kabichi zikachukua nusu ya sahani, bugali ukasogea pembeni, soda nikaiachia sikukuu. Kufunga sikufunga tena. Asubuhi nilikula vizuri, maana mwenye njaa ya saa nne hapiti salama mbele ya mama wa mandazi. Kutoka nyumbani Katindo mpaka depo nikaenda kwa miguu, juu ya mawe yetu haya meusi ya volkano. Wenye pikipiki waliniita, "Muzee, panda, tuende!" Nikawaonyesha viatu vyangu, nikapita.

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kufungua, nilipanda juu ya mizani ya magunia. Wabeba mizigo walikusanyika kama kwenye mpira. Siku ya kwanza, kilo mia moja na kumi na nane. Mmoja akapiga kelele, "Patro ni gunia muzima, na katoto kake ku mugongo!" Nilicheka mpaka machozi, na tangu hapo wakawa wenzangu. Wakiniona naelekea kwenye mandazi, wanakohoa. Zilikuwepo Jumamosi ambazo kilo haikushuka, na nyingine ilipanda, kwa sababu ya msiba au harusi. Zamani ningesema nimeshindwa, acha nile. Sasa Jumatatu nilirudi kwenye sahani yangu. Bandu bandu huisha gogo, mwanangu, na gogo lile lilikuwa mimi.

Ilichukua karibu miaka miwili. Noeli ya pili tangu Kavira aliponinyang'anya beseni, mizani ilisema tisini na mbili. Nikachukua lile beseni, nikaweka ndani chumvi, sabuni na kitenge, nikalibeba begani. Nilipofika kwenye jiwe langu nililipiga teke, nikaendelea. Watoto wakaanza kuimba nyuma yangu. Nilipotokeza uani, mama alikuwa anafunga kamba ya kikapu, tayari kushuka. Kamba ikamtoka mkononi. Alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka wakidhani kuna bibi harusi. Akanishika mashavu yote mawili. Kisha akaliona beseni, akalitambua.

"Sasa njo umeuzisha chukudu," akasema.

Beseni liko kwake mpaka leo, kuku wanalinywea maji. Mama amepita miaka themanini, na kila mwaka ambao barabara inapitika, mimi ndiye ninayepanda. Nina miaka sitini na mbili. Safari ya mwisho wajukuu walinisihi nipumzike kidogo njiani, kumbe waliotaka kupumzika ni wao! Na kila Jumamosi bado napanda mizani. Zikiongezeka kilo mbili, siku hiyohiyo natazama ni mazoea gani yamerudi, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta.

Najua nakuambia haya katika mji ambao wengine, kule kambini Mugunga, wanatafuta cha kula mara moja kwa siku. Ndiyo maana nasema kula kwa kiasi ni kukiheshimu chakula. Wala usimcheke mtu kwa unene wake. Mama hakunicheka hata siku moja.

Basi, mwanangu uliyepata juzi kazi ya kukaa kitini, shika hili: kula chakula cha kazi unayoifanya leo, na ile uliyoiacha iondoke na sahani yake. Usipigane na njaa, itakushinda. Badilisha sahani, badilisha njia ya kwenda kazini, jipime bila kujitukana, na uwe na watu wa kukukoholea. Ukianguka Jumapili, inuka Jumatatu. Na ukifika juu usiseme umemaliza, maana mimi nilinenepa tena siku niliyojipongeza.

Mungu akupe magoti ya kupandia, na kilima chenye mtu unayempenda juu yake. Na akujalie ufike mlangoni kwake kwa miguu yako, kabla yeye hajafunga kamba ya kikapu. Amina.