Radhi ya Mtunza Ghala

Miaka ile biashara ilipofunguliwa, kila mwenye lori Sumbawanga aligeuka kuwa kampuni. Kampuni mojawapo ilichukua kazi ya kusambaza mbolea, iliyokuwa ya chama cha ushirika, na mbolea ya kijiji kizima ikayeyuka. Aliyeshtakiwa kwa wizi ni mtunza ghala wake, mtu wa Malangali. Mwenye kampuni alikuja mahakamani kama shahidi, na suti yake.

Nilikuwa wakili wa mtunza ghala. Ofisi yangu ilikuwa chumba kimoja pale Majengo, nyuma ya duka la vitenge, na kiburi changu hakikuenea humo. Kesi niliiona nyepesi. Mbolea ilitoka ghalani kwa vibali vyenye saini ya bosi, na vibali nilikuwa navyo. Nilimwonya mteja wangu asizungumze kesi hii na mtu.

"Sijazungumza na mtu, wakili," akasema.

Bosi aliikana saini. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Shahidi aliyefuata alikuwa mzee wa kijijini, aliyeitwa kueleza tu kwamba mbolea haikufika. Akaeleza. Kisha, bila kuulizwa, akanitazama na kutabasamu.

"Huyu kijana wetu hana neno. Alikuja kijijini, akapiga magoti, akatupigia makofi ya heshima, akasema, 'Baba zangu, nisameheni, mbolea yenu imepotelea mikononi mwangu.' Tukamsamehe siku ileile. Sasa mnamshtaki wa nini?"

Hakimu akamwomba arudie polepole, apate kuyaandika. Mwendesha mashtaka aliinama kuficha furaha yake. Ningeweza kumtupia kiatu.

Mimi ni Mfipa, nimekulia Kizwite. Utotoni fisi alikula mbuzi wa jirani niliyekuwa namchunga, nikapelekwa kupiga magoti na makofi vilevile, wala hakuna aliyedhani mbuzi nilimla mimi. Kwetu kitu kikipotea ukiwa umekishika, unaomba radhi kwanza, mwizi anatafutwa baadaye. Mteja wangu hakunidanganya. Kwake ile haikuwa kuzungumza kesi, ilikuwa adabu tu. Na mimi, mtoto wa hapahapa, sikukumbuka kumuuliza.

Nilisimama nikamweleza hakimu, mgeni mkoani, yote hayo. Alinisikiliza kwa upole hadi mwisho.

"Wakili, hilo liko kwenye sheria ipi?"

Nikakaa. Sijawahi kujichukia kama siku ile.

Siku ya hukumu, hakimu aliandika kwamba mshtakiwa alikiri mwenyewe mbele ya wanakijiji. Akamfunga miaka mitano. Nje, mkewe alikaa kwenye nyasi bila kulia. Yule mzee akaja taratibu hadi niliposimama. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanishika mkono.

"Mwanangu, kama nisingesema kwamba tumemsamehe, wangemfunga miaka mingapi?"

"Mingi zaidi, mzee," nikasema.