Sahihi Tatu za Penseli

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, Jumanne moja ya mwaka wa tisini na tisa, karatasi ya kwanza ilikwama. Naijua saa hiyo kwa sababu niliiandika. Nilikuwa na daftari la kuandikia kila kosa la mashine zangu: saa, dalili, nilichojaribu, kilichotokea.

Duka langu lilikuwa Voi, chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa. Nilichapa barua, mitihani ya shule na ratiba za mazishi. Kompyuta nilijifundisha mwenyewe kwa vitabu, na printa ya rangi niliyonunua mwaka huo nilikuwa nimekisoma kitabu chake mara tatu kabla ya kuiunganisha na umeme.

Karatasi ile haikuwa yangu. Ilikuwa ya kaka yangu, aliyekuwa karani wa reli kwa miaka ishirini na miwili, na kwa miaka hiyo yote akapiga picha. Si picha za harusi. Alipiga ukungu wa milimani Mwanda kabla watu hawajaamka, na wanawake wa Njukini wakipepeta maharagwe. Alipopunguzwa kazini, sehemu ya malipo yake aliitumia kuagiza Nairobi boksi la karatasi nene za pamba, nene kama jalada la kitabu. Zilikuwa kumi na tano kwa shilingi elfu nne na mia tano, yaani mia tatu kila moja. Picha alizochagua zilikuwa kumi. Aliziandika kwenye orodha, kwa mwandiko wa karani, herufi zote zimeinama upande mmoja.

Alitaka karatasi hiyo kwa sababu moja. Karatasi ya studio, ile inayong'aa, haishiki penseli. Hii ilishika. Naye alitaka kutia sahihi chini ya kila picha, kona ya kulia, kwa mkono wake.

Baba yetu alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge hadi alipozeeka, na kila mwisho wa mwezi alipokea mshahara kwa kidole gumba. Alikuwa akirudi nyumbani na gumba la zambarau kwa wino, na mama alimkataza kushika unga kabla ya kunawa. Kaka ndiye wa kwanza kwetu kuandika jina lake mbele ya mlipaji. Siku moja nilimwambia kwamba mkono ukimshinda, kidole gumba kingetosha, kwa kuwa hata benki hukikubali.

"Mdogo wangu," akasema, "hicho tulikizika na baba."

Mkono ulikuwa unamshinda kweli. Daktari wa Mombasa alimweleza kwamba mishipa inayopeleka nguvu ilikuwa inakufa, ikianzia mkono wa kulia, na baadaye ingefuata miguu na koo. Muda hakuutaja.

Jumanne ile nilianza na picha ya baba, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa juu ya orodha. Baba amesimama kwenye foleni ya mshahara, kofia mkononi. Printa ilinguruma, magurudumu yake madogo ya mpira yakazunguka, karatasi ikasogea kidogo, ikasimama. Magurudumu yakaendelea kuteleza juu yake. Ilipoingia hatimaye, iliingia upande, na wino ukampaka baba mistari usoni. Nikajaribu ya pili. Ukingo wake ulikuwa umejikunja, ukagonga kichwa cha wino, ukachafuka wote.

Karatasi mbili, shilingi mia sita. Nikazima mashine. Nikaandika kwamba sitagusa karatasi nyingine ya kaka mpaka nijue sababu.

Siku kumi na moja nilitafuta sababu. Nilinunua karatasi nene za manila za shule ili nifanyie majaribio. Nilisogeza swichi ya unene hadi alama ya bahasha. Nilifuta magurudumu kwa kitambaa chenye unyevu, kikatoka chekundu kwa vumbi la Voi. Nilisogeza printa mbali na ukuta, kwa sababu niligundua kwamba karatasi isiyokunjika ilikuwa inagusa ukuta kwa nyuma. Karatasi za kaka nilizilaza kati ya mbao mbili, na betri ya gari juu yake, ili zinyooke. Kila hatua ilisaidia, na niliiandika. Lakini manila bado ilikwama mara tatu kati ya kumi, na mara tatu kwangu zilikuwa nyingi.

Katika siku hizo kaka alinitumia vijikaratasi vitatu kutoka kwake Mbololo, vyote mkononi mwa mkewe aliyekuwa akija mjini kununua nyuzi. Cha kwanza kiliuliza kama mashine imekubali. Cha pili kiliuliza hivyo hivyo, ila herufi zilikuwa hazijainama pamoja. Nilidhani ameandika amelala. Cha tatu kilikuwa na maneno mawili, "Bado tu?", na alama ya kuuliza ilikuwa imetoboa karatasi. Vyote nimevihifadhi ndani ya daftari lile lile. Wakati ule sikuviona kuwa dalili, maana havikutoka kwenye mashine.

Shemeji yangu huyo alikuwa fundi wa nguo. Mara mbili za kwanza alisimama mlangoni na nikamwomba asiingie, kwa sababu ya vumbi la viatu. Mara ya tatu aliingia bila kuniuliza, akaketi, akanitazama nikipoteza manila mbili mfululizo.

"Shemeji, hiyo kitabu umeisoma mpaka imechakaa," akasema. "Sasa mashine yenyewe inajua kusoma?"

Nikamweleza kwamba tatizo ni unene, kwamba magurudumu hayapati mshiko. Akasema kwani hiyo si jinzi tu? Kwenye cherehani, pindo la jinzi likifika mbele ya meno yanayovuta nguo, nayo hukataa. Fundi hulipondaponda kwanza pindo kwa nyundo ili lilale, kisha akianza kukanyaga, anasukuma nguo kidogo, kidogo tu, mpaka meno yakamate. Yakishakamata, anaachia. Ukiendelea kusukuma unavunja sindano.

Akaomba kijiko. Kwa mgongo wa kijiko akasugua ukingo wa manila mpaka ukawa mwembamba. Akaiweka mdomoni mwa printa, akangoja magurudumu yaanze kuzunguka, akaigusa kwa vidole viwili na kuachia. Iliingia ikiwa imenyooka. Ya pili ikaingia, na ya tatu, hadi kumi.

"Ungeniuliza," akasema. Hakusema kwa kunisuta. Kisha akaniambia kwamba asubuhi ile kaka alishindwa kufunga vifungo vya shati.

Siku hiyo hiyo nilichapa picha tatu. Hata hapo nilijihadhari. Picha ya baba niliiweka ya tatu, mashine izoee kwanza. Zote zilitoka safi. Ukungu wa Mwanda ulitoka vizuri kiasi kwamba mtu angehisi baridi. Niliziacha zikauke usiku kucha kama kitabu kilivyoagiza, na Jumapili nikazipeleka Mbololo zikiwa zimebanwa kati ya mbao.

Kaka aliketi mezani, mkewe akamshikia karatasi isiteleze. Picha ya Mwanda aliitia sahihi nzima, ingawa ilimchukua muda mrefu kuliko kunywa kikombe cha chai. Ya Njukini ilipata nusu ya jina. Ilipofika ya baba, alipumzika, akajaribu, penseli ikamponyoka, akajaribu tena. Nikasema nimshike mkono. Akatikisa kichwa. Akachora mstari mmoja, umepanda kidogo, ukaishia pembeni.

Akautazama. "Baba angeujua huo," akasema.

Nilimwambia saba zilizobaki nitazichapa kesho yake. Akasema nisitoe tena. Kama hawezi kuzitia jina, ni picha za mtu yeyote. Sikubishana naye. Alizikwa Mbololo kabla ya mvua za vuli, na picha ya Mwanda ndiyo iliyotangulia mbele ya jeneza, kwa sababu mkewe alisema jina lake lote limo.

Boksi liko kabatini kwangu hadi leo. Nikijumlisha kama nilivyojifundisha, niliharibu karatasi mbili na kutumia tatu. Nilizookoa kwa uangalifu wangu ni kumi, nyeupe, zimenyooka: shilingi elfu tatu.