Bata wa Mnarani

Wiki iliyopita, katika kundi la WhatsApp la sisi tuliosoma pamoja shule ya msingi pale Oyugis, mtu mmoja aliweka picha ya kompyuta ya kale, ile yenye kisogo kama cha televisheni, akaandika: "Enzi zetu michezo ilikuwa ya akili. Watoto wa leo wanagusagusa kioo tu." Watu wakammiminia mioyo na makofi. Mimi niliandika jibu nikalifuta. Nikaliandika tena, nikalifuta tena. Nina shahada ya teknolojia ya habari, nakaa Homa Bay nikituma maombi ya kazi, na ujumbe wa mstari mmoja hunichukua asubuhi nzima. Lakini safari hii haikuwa woga. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikutosha kwenye simu.

Nakumbuka kila kitu wanachokumbuka wao. Saiba ya Bwana Okelo, chumba chake cha kompyuta za kulipia, ilikuwa nyuma ya duka la mbolea, kwa hiyo mpaka leo nikinusa mbolea naona kompyuta. Zilikuwa nne, alizipata kwa watu wa kanisa ambao nao walipewa na wazungu waliokuwa wamezichoka, na ndani yake zilikuja na michezo ambayo hakuna mtu aliyeiomba. Tatu zilikuwa za wateja wa kuchapa barua. Ya nne, kule pembeni, herufi E ilikuwa imekufa, na barua bila E huwezi kumpelekea mtu. Hiyo ndiyo aliyotuachia sisi watoto, mradi tufagie kwanza na tupanguse vioo vyote. "Nikikuta vumbi, nawapangusa nyinyi," alikuwa akisema. Ijumaa, jua likianza tu kuinama, alizima umeme wote bila kuuliza nani yuko wapi, kwa sababu Sabato haingoji mtu amalize.

Mchezo wetu, wangu na wa dada yangu Atieno aliyenizidi miaka miwili, tuliuita Mnara. Jina lake halisi lilikuwa refu na la Kiingereza. Hakukuwa na bunduki wala mbio. Unaonyeshwa picha ya mahali, unabonyeza kipanya kwenye kitu, na kijana wako anakiendea polepole, kama mtoto aliyetumwa dukani akiwa amenuna. Anaokota kile kitu, anakitia mfukoni, kisha wewe ukune kichwa ujue atakitumia wapi. Kisa chenyewe: kijana ameingia katika mji ambao kengele yake imenyamaza, naye lazima apande mnara ajue kwa nini.

Tulikuwa tukienda na nyoyo mfukoni, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, tukitafuna huku tumebanana kwenye kiti kimoja. Bwana Okelo alikuwa akinusa kipanya kabla ya kuturuhusu kuondoka. Maneno tusiyoyajua tuliyaandika kwenye kiganja, tukayatafute kwenye kamusi ya shule kesho yake. Ukijaribu kuunganisha vitu ambavyo mchezo haukutaka viungane, kijana alijibu kwa Kiingereza cha pua, "Vitu hivi haviendi pamoja." Tuliyahamishia maneno hayo nyumbani. Omena kwa mkate, vitu hivi haviendi pamoja. Mjomba na mke wake mpya, vitu hivi haviendi pamoja. Kwa hilo la mjomba, mama alituchapa.

Hadi hapo, kila mtu kwenye kundi ataweka moyo. Sasa ngojeni.

Mwezi uliopita niliutafuta mchezo huo mtandaoni, nikaupata, nikauingiza kwenye kompyuta yangu kwa programu inayojifanya mashine ya zamani. Nilitegemea kulia kwa furaha. Dakika ishirini hazikupita kabla sijaanza kugombana na kioo. Ufunguo wa kwanza ni mdogo kama punje ya mchele na umefichwa penye giza, kwa hiyo "akili" inayosifiwa ni kupitisha kipanya kwenye picha yote kama mtu anayepapasa sindano sakafuni. Ukitaka kufungua dirisha, upake asali kwenye mwavuli. Kwa nini? Kwa sababu aliyeutengeneza alijisikia hivyo siku hiyo. Na yule kijana wetu, shujaa wetu! Anaingia nyumba za watu bila hodi, anamkuta bibi kizee amekaa, hamsalimu, anafungua kabati lake, anachukua kijiko, anatoka. Tulipokuwa wadogo Atieno aliliona hilo kabla yangu. "Huyu hana mama," alisema. Mimi nilimwambia anyamaze, tusonge mbele.

Tulisonga mbele mpaka kwenye bata bukini.

Alikuwa amesimama kwenye ngazi za mnara, mkubwa, shingo imenyooka, na kila ukikaribia anakupigia kelele na kijana wako anarudi nyuma. Tulimjaribu kwa nyundo, kamba, mwavuli na kijiko cha yule bibi. Likizo mbili nzima tulikaa mbele ya bata huyo. Atieno aliona ni aibu.

"Bata ni wa kushika shingo," alisema. "Mtu mzima anaogopaje kitoweo?"

"Mchezo haukubali kushika shingo," nilimjibu.

"Basi aliyeutengeneza hajawahi kuona bata, yawa."

Na katika ile likizo ya pili, siku moja watoto wengine wakiwa wamejipanga nyuma yetu wakicheka, Atieno alijaribu kamba kwa mara ya mia, nami nikachoka. Nilimnyang'anya kipanya. "Toka hapo," nilimwambia. "Wewe ndiye unatukwamisha. Kichwa chako ni cha kufagia tu." Alinitazama, akapangusa mikono kwenye sketi, akaondoka. Hakurudi tena kwa Bwana Okelo. Mimi niliendelea na kompyuta mpaka chuo kikuu. Yeye alimaliza shule, akajifunza ushonaji, na leo ana duka la sare za shule Migori. Miaka yote hiyo nimebeba neno lile kama kokoto kwenye kiatu. Nimelifikiria kwenye mitihani, kwenye mahafali, kwenye usaili wa kazi nilipoulizwa nisimulie kosa langu nililojifunza kwalo.

Sasa sikilizeni nilichokigundua mwezi uliopita. Nilipofika tena kwa bata nikakwama tena, nikasoma maelezo ya watu wengine waliowahi kuucheza. Jibu lilikuwa mstari mmoja: bata anapewa mkate. Kama mkate huna, anza upya.

Mkate! Mnajua mkate ulikuwa wapi? Katika picha ya kwanza kabisa, langoni mwa mji, kuna mzee amekaa chini anasema ana njaa. Kijana wako ana mkate mmoja mfukoni. Unaweza kumpa, unaweza kumpita. Ukimpa, anakula, anashukuru, basi. Hakupi kitu wala hakwambii kitu. Na mchezo unakuacha uende. Unakuacha uokote ufunguo, upake asali mwavuli, uvuke mto, kila hatua ukijiona hodari, kumbe ulishashindwa langoni na hakuna atakayekwambia.

Tungeanzaje upya, hata kama tungejua? Bwana Okelo aliruhusu kila kundi la watoto kuhifadhi mchezo mara moja tu, juu ya ule wa jana. "Kompyuta si gunia," alikuwa akisema. Kwa hiyo likizo mbili tulizunguka ndani ya mchezo uliokwisha.

Na nani alimpa mzee ule mkate? Nilikaa nikikumbuka mpaka chai ikapoa. Siku ya kwanza kipanya kilikuwa mkononi mwangu. Ni mimi niliyempa, na sikufikiri hata kidogo, kwa sababu mama alitulea na neno moja: "Mzee mwenye njaa hapitwi. Ukimpita, na wewe utapitwa." Kwetu hilo halikuwa fumbo la kufikiriwa. Mtu mkubwa anasema ana njaa, wewe una mkate, unampa kwa mikono miwili. Mtoto yeyote wa Oyugis, Kendu Bay au Macalder angefanya vilevile. Aliyeutengeneza mchezo alijua mtoto mwema angefanya hivyo, akaweka shimo mahali hapohapo. Halafu mtu ananiambia hiyo ndiyo michezo iliyotufunza akili! Ilitufunza kwamba adhabu ya wema huja kimyakimya, na kwamba mwenzako ndiye wa kulaumiwa.

Nilijua la kufanya. Jumapili iliyofuata nilibeba kompyuta nikaenda Migori kumwomba Atieno msamaha. Njiani nilipanga maneno, nikapangua. Nilimkuta dukani, tepu shingoni, pini mdomoni, amezungukwa na sweta za kijani. Nyuma ya pazia sufuria ya maharagwe ilikuwa ikichemka.

"Omera, ndugu yangu, umekonda," alisema bila kutoa pini. "Kazi bado?"

"Bado. Atieno, nimekuja kwa jambo la zamani."

Nilimweleza yote. Lango, mzee, mkate, bata, na neno lile la kufagia. Nilimwambia kwamba mkosaji nilikuwa mimi, na kwamba kwa sababu yangu aliacha kompyuta, na pengine maisha yake yangekuwa mengine. Nilisema hayo nikiangalia sakafu.

Alitoa pini mdomoni moja moja, akazichoma kwenye sweta. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akaishika cherehani asianguke.

"Ulisafiri kutoka Homa Bay kwa sababu ya bata?"

"Kwa sababu ya neno nililokuambia."

"Neno nililisikia. Nilikuchukia siku tatu. Siku ya nne nilikunyima ukoko wa ugali, ukalia, tukawa sawa. Wewe hukumbuki ukoko?"

Sikukumbuka ukoko.

"Basi kwa nini hukurudi?" nilimuuliza.

Kicheko kilimwisha. "Kwa sababu nilikuwa nimevunja ungo. Mwezi huohuo. Mama aliniambia, sasa wewe ni msichana mkubwa, mambo ya kubanana na wavulana kwenye kiti yameisha, saa kumi uwe nyumbani umeteka maji. Hata ungeniomba kwa magoti, ningerudi kwa njia gani? Na hata kabla ya hapo, wewe ukifikiria bata, mimi nilikuwa nikiangalia kivuli cha mlango nijue kama nimechelewa kuinjika sufuria. Wewe hukuwahi kuitwa. Hata siku moja."

Nilikunja sweta moja, nikaikunjua.

"Wewe, omera," aliendelea, "hata makosa unataka yawe yako peke yako. Yule aliyeutengeneza mchezo umemkasirikia, mimi umenililia, wewe mwenyewe umejichapa miaka yote. Nyumbani je? Nyumbani hakuna aliyekosea?"

Hili ndilo swali lililonifanya nifute jibu langu kwenye kundi la WhatsApp. Nimewakasirikia watu wasionijua, walioweka shimo kwenye mchezo, na sikuwahi kuikasirikia saa kumi. Mama yetu alitulea vizuri, na alimpenda Atieno, na alimwita yeye tu. Mambo hayo matatu ni ya kweli kwa pamoja, na kila nikiyapanga hayakai.

"Leta hiyo mashine," Atieno alisema. Alisukuma sweta pembeni, akaketi. Nikamfungulia mchezo, kijana akatokea langoni akitembea kwa kununa. Kabla hajafika popote, sufuria ilianza kuchuruzika kwenye makaa, ikafanya shhh, na Atieno, kabla hata ya kugeuza kichwa, alikuwa ameshanyanyuka nusu.

"Kaa," nilimwambia.

"Yataungua."

"Kaa, nimesema."

Nikaenda mimi. Niliunguza vidole kwenye kifuniko, nikazidisha maji, nikatia chumvi mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sikuwa na hakika. Kutoka nyuma ya pazia nilimsikia akiugombeza mchezo kwa Kidholuo, sauti ileile ya alipokuwa na miaka kumi na mitatu, na baadaye sikusikia sauti yoyote, kimya tu cha mtu aliyezama ndani ya jambo. Kimya hicho mimi nilikipata kila siku utotoni mwangu. Sikujua kwamba kilikuwa kitu cha kupewa.

Watoto wa leo hawakwami. Wakikutana na bata, wanatafuta jibu kwenye simu, au wanamtazama mgeni wa nchi nyingine akiwachezea mchezo mpaka mwisho huku wao wamelala chali, nami nawacheka kwa hilo, maana ni kama kumlipa mtu akutafunie muwa. Hawajui kubanana kwenye kiti kimoja, hawajui kuandika neno kwenye kiganja na kulala nalo. Hayo nayatamani, na siwezi kujidanganya kwamba siyatamani. Lakini binti wa jirani yake Atieno aliingia dukani jioni ile, simu mkononi, akicheza mchezo wake wa kugusagusa. Mama yake alimwita kutoka ng'ambo ya barabara. Akajibu, "Nakuja, namalizia!" na mama akamwacha amalizie.