Moto wa Saa Kumi Mnarani

Ovaroli langu liliwaka moto likiwa sakafuni, mchana kweupe, na chumbani hapakuwa na kiberiti wala mtu.

Siku ya pili ukawaka mto wa kiti changu. Saa ileile, saa kumi jioni.

Siku ya tatu nikampasua mtu kichwa.

Ngoja niwape mkasa wenyewe, maana nimeubeba miaka sita na umenichosha.

Mimi ni fundi rangi. Nilipelekwa kisiwa kimoja cha mawe matupu chenye mnara wa taa ya kuongozea meli, uliojengwa enzi za babu wa babu zetu. Kazi yangu ilikuwa kupaka rangi chumba cha juu kabisa, chenye taa yenyewe.

Kisiwani kulikuwa na mtu mmoja tu, mlinzi wa taa. Na huyo mlinzi, kwa balaa langu, ni mume wa dada yangu.

Tulimwita Kobe, kwa jinsi anavyoongea taratibu. Sikumtaka tangu siku aliyokuja kuposa. Nilisema mbele ya watu wote kwamba dada yangu haolewi na mtu anayeishi na ndege. Akamuoa hivyohivyo.

Nilipofika alinipokea mzigo.

"Shemeji, kule juu kuna jambo moja inabidi..."

"Usinifundishe kazi," nikamkata kauli. "Wewe washa taa yako, mimi nipake rangi yangu."

Akageuka, akatangulia na mzigo wangu. Huyo ndiye Kobe.

Basi vitu vikaanza kuungua. Vyangu tu! Vyake vizima. Na kisiwani tuko wawili. Wewe ungemshuku nani, samaki?

Siku ya tatu nilishuka kunywa maji. Kurudi, nakuta kisanduku changu cha mbao kinawaka. Nilikiweka kule juu kwa sababu chumba changu cha kulala kilikuwa kinavuja. Ndani mlikuwa na picha ya marehemu mama, picha pekee tuliyobaki nayo.

Akili ikaruka.

Nikakutana na Kobe kwenye ngazi za chuma. Ameona moshi, anapanda na ndoo ya maji. Mimi nikaona mchomaji anakuja kutazama kazi yake.

"Umemchoma mama yangu!"

"Shemeji, tulia kwanza..."

Nikamtandika kichwani kwa spana niliyoinyakua kule juu. Ndoo ikaenda ikigonga ngazi hadi chini. Akanirudishia kichwa cha mdomo, nikatema jino. Tukabiringika, ngumi, meno, viatu. Ngazi zikawa zinateleza kwa damu, sijui yake, sijui yangu.

Nilifurahi, siwafichi. Zile ngumi nilikuwa nimezitunza tangu siku ya posa.

Chini akatambaa kuingia stoo ya mafuta, mkono ameshikilia fremu ya mlango. Nikaubamiza ule mlango wa chuma. Mara mbili.

Ile ya pili nilijua vidole vipo pale.

Nikamfunga kamba kwenye bomba, akawa analia akitaja jina la dada yangu. Nikamwacha.

Kesho yake nikapanda kumalizia rangi; kisanduku kilikuwa kimebaki majivu. Kobe yuko chini, amefungwa. Saa kumi nikahisi mguu unaungua.

Suruali inatoa moshi!

Nikaruka pembeni. Pale niliposimama palikuwa na doa la mwanga, dogo kama sarafu, linatembea polepole juu ya mbao na kuzichoma. Lilitoka kwenye kioo kikubwa cha taa. Upande wa pili jua lilikuwa linakipiga kioo hicho.

Nikashuka mbio. Kobe akanitazama kwa jicho moja, la pili lilikuwa limevimba hadi limefumba.

"Mapazia ya kule juu umeyafanya nini?" akauliza.

"Nimeyatoa. Yasichafuke rangi."

"Kile kioo kinakusanya jua, shemeji. Ndiyo maana mchana hayafunguliwi. Ndilo jambo nililotaka kukuambia."

Viliungua vyangu tu kwa sababu ni mimi tu niliyekuwa nashinda kule juu. Nilimfungua kamba huku nalia.

Nikaita boti kwa redio. Bahari ilikuwa imechafuka, ikachukua siku mbili kufika. Vidole vitatu vilikuwa vimeshakuwa vyeusi, vikakatwa.

Nahodha alipouliza kilichotokea, Kobe aliniwahi.

"Nilianguka ngazini, mlango ukanibana. Shemeji ndiye aliyeniokoa."

Hospitalini nikamuuliza kwa nini.

"Dada yako kwao amebaki na wewe tu," akasema. "Sitaki awe hana mtu."

Dada aliamini. Mpaka leo nikienda kwake ananiwekea kipande kikubwa cha nyama, anawaambia wageni, "Huyu ndiye aliyenirudishia mume wangu." Kobe anakaa pembeni, anashika kijiko kwa mkono wa kushoto, anatikisa kichwa kukubali.

Somo langu ni hili. Mtu ukishamchukia, kila moshi utakaouona utasema ni wake. Mwache kwanza amalize anachotaka kusema.

Dada, najua unasoma humu. Nakuja kesho mchana. Usinipakulie.