Krismasi Niliyovaa Sweta la Shule

Enzi zetu pale mtaa wa Jericho, Krismasi ilianza na harufu ya chapati. Ilivuka ukuta mmoja hadi mwingine, na kwa majirani Waislamu pia tulipeleka sahani, nao siku ya Idi wakatuletea pilau. Lakini sisi watoto chapati tulizila tukiwa na haraka. Shughuli yenyewe ilikuwa kuzunguka mtaani tukionyeshana nguo mpya.

Mwaka mmoja fundi wa nguo alifunga kibanda akaenda zake ushago, kijijini kwao, rinda langu likiwa ndani. Rinda la manjano, lenye marinda mpaka chini! Nilijitupa kitandani, nikaapa siendi kanisani, na fungu la Biblia nililopewa kukariri mbele ya watu walisome wenyewe.

Mama akaja, mikono imejaa unga. "Kwani leo amezaliwa nani?"

"Yesu."

"Nikafikiri ni wewe."

Sikucheka. Alinitazama kidogo, akaingia chumbani. Alipotoka alikuwa amevua kitenge chake kipya, amevaa gauni lililopauka, lile la kufulia.

"Haya, tuko wawili. Twende."

Nilienda na sweta la shule, nikiona aibu, lakini nimemshika mkono. Kanisani wenzangu walikuwa wakijikuna shingo kwa kola ngumu. Kijana aliyenitangulia alisahau maneno yake yote kwa kutazama viatu vyake. Mimi sikuwa na cha kujitazama, kwa hiyo kwa mara ya kwanza niliyasikia yale niliyokuwa nakariri kama kasuku. Nilipofika pale mtoto anafungwa vitambaa na kulazwa horini, niliropoka:

"Mama! Kumbe hata Yesu hakununuliwa nguo!"

Kanisa zima liliangua kicheko. Mama, pale benchi la mbele, alijifunika uso kwa leso, mabega yakitikisika. Mchungaji alipanguza machozi, akafunga Biblia. "Mahubiri yameisha," akasema. "Tuimbe."

Tuliimba, bwana, mpaka mabati yakatetemeka.

Siku hizi wanangu huvaa pajama za kufanana, na picha haziishi. Mwaka jana tulifika kanisani wakati wa baraka, eti mwanga wa sebuleni ulikuwa haujakaa vizuri. Nawapenda hivyo hivyo, na pajama yangu ninayo. Ila watu wakianza kuimba hukodolea macho benchi la mbele, nikimtafuta mwanamke mwenye gauni lililopauka, aimbaye kana kwamba Mtoto amezaliwa nyumbani kwake.